Nani Alimwonyesha Mwindaji Njia?

GOMA – Tarehe 21 Aprili 2025 Mbuga ya Virunga ilitimiza miaka 100 tangu mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji atie sahihi amri ya kuianzisha. Ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika nzima. Hapa Goma siku hiyo ilipita kama siku nyingine. Watu walikuwa na mambo yao: benki zilikuwa zimefungwa tangu mwezi wa kwanza, pesa hazikuonekana mikononi, na familia nyingi zilizotoka kambini mwezi wa pili zilikuwa bado zinatafuta mahali pa kutua mizigo.

Hata hivyo miaka hiyo 100 inawahusu watu hao kuliko mtu mwingine yeyote. Walitoka Kibumba, Rugari, Rumangabo, Jomba na Bunagana, vijiji vinavyogusana na mpaka wa parki. Walipokimbia waliwekwa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo, tena kando ya parki. Kuni walizopikia zilitoka parki. Na sasa waliorudi mashambani wanauliza upya swali la babu zao: parki inaanzia wapi, na ni ya nani?

Kulijibu swali hilo ni lazima kurudi mwanzo kabisa, kwa habari isiyosemwa sana redioni. Mbuga hii ililetwa na wawindaji. Hawakuwa wawindaji wa kitoweo. Walikuwa watu waliotoka mbali, wenye pesa na bunduki nzuri, waliomtafuta mnyama mmoja ili wabebe kichwa na ngozi yake mpaka kwao. Na hakuna hata mmoja wao aliyemfikia mnyama huyo peke yake. Kila mmoja alionyeshwa njia na mtu wa hapa.

Nyara

Uwindaji wa namna hiyo upo mpaka leo sehemu nyingi za dunia. Kule Alaska, jimbo la Marekani lenye baridi kali, watu husafiri kwenda kumwinda dubu wa kahawia, mnyama mkubwa mwenye manyoya anayekula samaki wa mtoni. Sheria ya kule inasema mwindaji asiye mkaaji wa jimbo haruhusiwi kumwinda dubu huyo bila kiongozi mwenye leseni, isipokuwa ameongozana na ndugu yake wa karibu anayeishi humo. Porini mgeni hana macho. Anahitaji mtu anayejua dubu anakunywa wapi, analala wapi, na upepo unavuma kutoka wapi.

Tanzania wanauita uwindaji wa kitalii. Pori limegawanywa katika vitalu, kampuni hupewa vitalu hivyo kwa ada, na mgeni huongozwa na mtu anayeitwa mwindaji bingwa. Mbele yao wote hutangulia mfuata nyayo, mara nyingi mtu wa kijiji cha jirani, anayesoma udongo kama wengine wanavyosoma gazeti. Kichwa, ngozi, pembe au meno anayoondoka nayo mgeni vinaitwa nyara. Neno hilo ni la zamani, na maana yake ya kwanza ni mali iliyotekwa vitani.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji huo mwaka 1977. Uganda iliuacha, kisha ikaujaribu tena kuanzia mwaka 2001 kando ya Ziwa Mburo. Kongo nayo ina maeneo yaliyotengwa kwa uwindaji, na moja liko hapa hapa Rutshuru, likipakana na Virunga. Kwenye ramani bado limeandikwa eneo la uwindaji, ingawa vita vimelifanya lisikanyagike na mtalii.

Sabinyo, 1902

Mnyama aliyeuza jina la milima yetu kwa wawindaji wa dunia ni ngagi, yaani gorila wa milimani. Watu wa Rutshuru, wa Ruhengeri na wa Kisoro walimjua tangu zamani. Wazungu hawakumjua mpaka tarehe 17 Oktoba 1902.

Siku hiyo afisa wa jeshi la Ujerumani, kapteni Robert von Beringe, alikuwa anapanda mlima Sabinyo, ule wenye meno meno ambao leo Kongo, Rwanda na Uganda zinakutana kileleni mwake. Alikuwa na msafara wenye askari na wapagazi. Juu kidogo ya hema yao waliona kundi la wanyama wakubwa weusi wakipanda kuelekea kileleni. Kapteni alipiga risasi. Wawili walianguka wakaporomokea korongoni. Ilichukua saa tano kumvuta mmoja kwa kamba mpaka juu. Wa pili alibaki huko chini.

Njiani kurudi, fisi alikula ngozi na mkono mmoja. Mifupa iliyobaki ilifika Berlin, na mwaka 1903 mtaalamu wa wanyama Paul Matschie alitangaza kwamba huyu ni ngagi wa aina mpya, akampa jina la kapteni. Mpaka leo, mtoto wa shule popote duniani anayefungua kitabu cha wanyama atakuta ngagi wetu anaitwa Gorilla beringei. Mtu aliyemuua amebaki katika jina la mnyama. Waliopanda na mizigo kichwani siku ile hawamo katika jina la kitu chochote.

Baada ya hapo njia ilifunguka. Kati ya mwaka 1902 na 1925 ngagi zaidi ya 50 wa milima hii waliuawa au kukamatwa na wageni wa Ulaya na Marekani. Msafara wa mwanamfalme Wilhelm wa Sweden peke yake, mwaka 1921, uliua 14.

Mwaka huo huo wa 1921 alikuja Mmarekani Carl Akeley. Kazi yake ilikuwa kukausha ngozi za wanyama na kuzisimamisha katika jumba la makumbusho ili waonekane kama wako hai. Alipita misheni ya Mapadri Weupe ya Lulenga, akapata watu wa kumwongoza, akapanda Mikeno na Karisimbi. Msafara wake ulipata ngagi watano. Wako New York mpaka leo, nyuma ya kioo, na ukutani nyuma yao zimechorwa volkano zetu. Mtu wa Goma akifika pale atautambua upeo huo kabla ya kusoma maandishi.

Lakini Akeley alibadilika. Aliandika baadaye kwamba alipoutazama uso wa ngagi aliyemuua alijiona kama muuaji. Aliporudi kwao alianza kushawishi kwamba milima hii ihifadhiwe, na maneno yake yalimfikia mfalme wa Ubelgiji. Hivyo ikaja amri ya 21 Aprili 1925, na parki ikaitwa Albert. Akeley alirudi mwaka 1926, akaugua, akafariki mwezi wa Novemba na kuzikwa Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi. Kaburi lake liko Kongo.

Hapo ndipo historia inapofundishwa kwa upande mmoja. Mwindaji aliyetubu akawa mwokozi, na mbuga ikawa zawadi yake kwa dunia. Mtu aliyemwongoza hakuulizwa kama naye alikuwa na la kusema.

Jicho la mfuata nyayo

Ni vema kusimama kidogo kwa mtu huyo, kwa sababu kazi yake ni elimu kubwa.

Mzee mmoja wa upande wa Jomba, ambaye familia yake ilikaa Bulengo mpaka kambi ilipobomolewa, aliifanya kazi hiyo miaka mingi. Wajukuu wake wamekulia chini ya plastiki, na ngagi wanamjua kwa michoro ya kwenye kuta za hoteli. Kwa hiyo jioni huwaeleza, kama wengine wanavyoeleza hadithi za sungura na fisi.

Huwaambia kwamba kosa la mgeni ni kumtafuta ngagi mahali anapodhani yupo leo. Mfuata nyayo huanzia mahali alipomwacha jana. Ngagi hatumii kitanda kimoja mara mbili. Kila jioni anakunja majani na matawi, anatengeneza kitanda kipya, na asubuhi anakiacha. Ukifika kwenye vitanda, unahesabu. Kitanda kikubwa chenye nywele nyeupe nyeupe ni cha dume lenye mgongo wa fedha. Kitanda chenye kinyesi kikubwa na kidogo pamoja ni cha mama mwenye mtoto, maana mtoto halali peke yake. Kutoka hapo unajua familia ina watu wangapi, na mzee hutumia neno hilo hilo, watu.

Kisha unafuata njia. Majani yaliyolala yanaonyesha upande waliokwenda. Shina lililomenywa na kutafunwa, kama maji yake bado hayajakauka, linasema wako karibu. Kinyesi unakigusa kwa nyuma ya mkono. Kikiwa na joto, unaanza kutembea polepole. Katika mianzi unasikia kabla ya kuona. Dume ana harufu yake, kali kama jasho la zamani, na mwenye pua nzuri huinusa mapema. Mwishoni unainama, unatoa sauti ya kukoroma kooni ili wajue unakuja kwa salamu, na hupandishi macho ukamkazia dume.

Elimu hii haikuandikwa. Baba alimfundisha mtoto, na wengi wa waliokuwa mabingwa walikuwa Batwa, watu wa msitu. Ajabu yake ni kwamba elimu ile ile imewatumikia mabwana watatu. Kwanza ilimpeleka mwindaji kwa ngagi. Pili ilimpeleka mtaalamu: George Schaller alipokaa Kabara mwaka 1959 na 1960, na Dian Fossey alipoanza kazi hapo hapo Kabara mapema mwaka 1967, kabla ya machafuko ya mwaka huo kumhamishia Rwanda. Fossey alijifunza kufuata nyayo kwa Mkongo aliyeitwa Sanwekwe, na kwa bahati nzuri jina hilo aliliandika. Tatu inampeleka mtalii mwenye kamera. Bunduki imeondoka, njia ni ile ile, na anayetangulia ni yule yule.

Karatasi

Amri ya 1925 ililinda kwanza eneo dogo la volkano. Mwaka 1929 na katika miaka iliyofuata mipaka ilisogezwa mpaka tambarare za Rwindi na Ziwa Edward na kuelekea Ruwenzori. Leo mbuga ina kilometa za mraba zipatazo 7,800. Katika kusogeza huko kulikuwa na mashamba, malisho, mizinga ya nyuki na makaburi. Watu walihamishwa. Wengine waliambiwa kuna ugonjwa wa malale, wengine walisikia kwamba machifu wamekubaliana na Wabelgiji. Baada ya uhuru wa 1960 madai ya ardhi yalianza kusemwa wazi, na hayajanyamaza.

Wakati huo huo neno lilibadilika maana. Aliyetega mtego wa swala kwa ajili ya watoto wake, jambo ambalo babu yake alilifanya bila kuuliza mtu, aliitwa mwindaji haramu. Mzungu aliyekuwa ameua ngagi kwa ajili ya ukuta wa nyumba yake aliitwa mpelelezi wa Afrika. Tofauti kati yao ilikuwa karatasi. Mmoja aliipata mjini kwa pesa, mwingine hakujua ofisi iko wapi.

Karatasi hiyo bado ipo. Sheria ya Kongo ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inataja vibali vya namna nyingi, kikiwemo cha mtalii na kikiwemo cha mwanakijiji. Kuna watu wamezeeka Rutshuru bila kukiona hicho cha pili kwa macho.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Huko Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilipewa haki ya kuwinda mwaka 1992 katika ardhi ambako Wamasai wanachunga ng'ombe. Mwezi Juni 2022 serikali iliweka alama za mpaka kuzunguka kilometa za mraba 1,500 za ardhi hiyo. Ilisema inalinda mazalia ya wanyama na vyanzo vya maji. Wafugaji walisema wanaondolewa ili wageni wawinde. Risasi zililia, askari polisi mmoja aliuawa, wafugaji walijeruhiwa na wengi walivuka kwenda Kenya. Familia za Kibumba zinaweza kuielewa picha hiyo bila maelezo: watu na mifugo njiani, na nyuma yao nguzo za saruji.

Lipo pia la kutia moyo. Batwa waliotolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega, Kivu ya Kusini, walipeleka kesi yao mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi uliotangazwa mwaka 2024 ulisema kwamba haki zao zilivunjwa na kwamba Kongo inapaswa kuwarudishia ardhi yao. Kutekelezwa ni jambo jingine. Lakini kwa mara ya kwanza karatasi iliandikwa kwa upande wa mfuata nyayo.

Mabega

Haitakuwa haki kusema habari hizi bila kuwataja walinzi wa mbuga, kwa kuwa nao ni watoto wa vijiji hivi. Zaidi ya 200 wamekufa kazini katika miaka ya vita. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa kwa siku moja, pamoja na dereva na raia wanne. Mama aliyemzika mwanawe baada ya siku ile hana muda wa kusikia kwamba parki ni mali ya wageni. Mwanawe alikufa ndani yake.

Na wanyama hawakumalizwa na wawindaji wa kitalii. Miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikuwa karibu 29,000, wengi kuliko mahali pengine Afrika. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Waliuawa na watu wenye silaha, wenye sare na wasio na sare, kwa nyama na meno. Wavuvi wa Vitshumbi walilipa gharama yake, kwa maana kinyesi cha kiboko ndicho kinacholisha maji, na maji ndiyo yanayolisha samaki.

Kisha kuna Julai 2007. Ngagi wa familia ya Rugendo walikutwa wamepigwa risasi msituni: dume mwenye mgongo wa fedha aliyeitwa Senkwekwe, na majike. Kichwa hakikukatwa. Ngozi haikuchunwa. Hakuna nyara iliyochukuliwa. Waliofuatilia jambo hilo walielekeza macho kwenye biashara ya makala, kwamba ngagi aliuawa ili wanaozuia uchomaji makala wapate ujumbe. Makala hayo yalikuwa yanakuja wapi? Goma. Kwenye mbabula za Goma.

Watu wa vijiji pamoja na walinzi walifunga mizoga juu ya miti, wakaibeba mabegani, wakashuka nayo mpaka Rumangabo kwenda kuzika. Picha ya Senkwekwe amelala chali juu ya mabega ya watu ilizunguka dunia nzima. Ukiiweka picha hiyo karibu na habari ya Sabinyo ya 1902, unaona jambo moja. Mara ya kwanza mtu wa hapa alibeba mizigo ya aliyekuja kuua ngagi, kwa amri. Mara ya pili alimbeba ngagi mwenyewe kwenda kumzika, na wengine walikuwa wanalia. Miaka 105 imepita kati ya siku hizo mbili. Mtu wa Rutshuru alikuwa ameamua mwenyewe kwamba huyu ni wake.

Anayepata na asiyepata

Hesabu zinasema uamuzi huo ulizaa matunda. Mwaka 1981 katika volkano zote za Virunga, Kongo, Rwanda na Uganda pamoja, walihesabiwa ngagi 254. Katika hesabu ya mwaka 2015 na 2016 walikuwa 604. Ukiongeza wale wa msitu wa Bwindi, Uganda, wote walifika 1,063. Mwezi Novemba 2018 waliondolewa katika orodha ya wanyama walio karibu kabisa na kuangamia, wakawekwa hatua moja chini. Katika miaka hiyo hiyo watu wa Rutshuru walikimbia mara ngapi? Kila mmoja ahesabu mwenyewe.

Ngagi akiwa hai ana thamani kubwa kuliko kichwa chake. Rwanda mgeni analipa dola 1,500 kumtazama kwa saa moja. Uganda ni dola 800 tangu Julai 2024. Upande wetu ilikuwa dola 400, na tangu vita viliporudi eneo la Mikeno mwaka 2022 hakuna mtalii wa kulipa. Rwanda imeweka kwamba sehemu 10 kwa mia ya mapato ya mbuga inarudi kwa wakaaji wa jirani. Uganda inatoa sehemu 20 kwa mia ya ada za langoni. Kiasi hicho hakimtajirishi mtu, lakini mkulima wa Kisoro anayevamiwa shamba na ngagi ana mahali pa kuonyesha kidole: zahanati ile, darasa lile.

Upande wa Kongo mbuga imejenga mabwawa ya umeme, na la Matebe, karibu na Rutshuru, lilianza kazi mwaka 2015. Taa nyingi za Goma zimewaka kwa maji ya Virunga. Hilo ni jema na lisemwe. Ila lisemwe pia kwamba taa hiyo inawaka kwanza mjini, kwa mwenye pesa ya kuingiza kwenye mita. Mama wa Rusayo aliyekaa kambini miaka miwili alipikia kuni, na kuni zilikuwa parki. Aliingia humo akijua anaweza kukutana na mlinzi, au na watu wabaya kuliko mlinzi. Wengi walirudi wameumizwa kwa namna wasiyoieleza mbele ya watoto. Hakuingia kwa kuuchukia msitu. Aliingia kwa sababu maharagwe hayaivi kwa jua.

Huyo mama hakuua mnyama yeyote. Hata hivyo amebeba jina baya zaidi kuliko kapteni wa Sabinyo. Hapo ndipo miaka 100 imetufikisha, na hapo ndipo pa kurekebisha.

Kutengeneza jambo hili hakuhitaji mfalme mwingine wa Ubelgiji. Kwanza, mpaka uonyeshwe na uelezwe kwa lugha ambayo mkulima anaisikia, mbele ya wazee wanaoukumbuka, kabla ya kumkamata mtu kwa kuuvuka. Pili, siku watalii watakaporudi, sehemu ya kila kibali iandikwe na kutangazwa redioni, kijiji kwa kijiji, ili watu wa Jomba wajue wamepata nini na wa Rugari wajue wamepata nini. Tatu, wafuata nyayo waliotawanyika kwa vita watafutwe, kwa majina yao, wakiwa bado hai. Mzee wa Jomba anaweza kuwafundisha vijana 10 kabla hajachoka. Akiondoka nayo, hakuna chuo Goma kitakachoirudisha elimu hiyo.

Wawindaji walijua jambo moja ambalo ofisi nyingi zimelisahau. Walijua kwamba bila mtu wa hapa hawafiki popote. Walimtumia kisha wakamwacha njiani, lakini angalau walijua. Anayetaka kulinda milima hii akisahau hivyo atazunguka mianzini mpaka usiku.

Kwa sasa mvua imeanza. Waliorudi Kibumba wamepanda maharagwe na viazi mpaka kwenye mstari wa miti, na wanangoja mtu wa kuja kuwaambia mstari huo uko wapi.